Mapeasi Kwenye Shimo la Ndizi

Naanza na aibu yenyewe, maana nikianza na mti nitazunguka mpaka kesho. Nilimsingizia mama mkwe wangu mbele ya padre na mbele ya jumuiya nzima, naye ameketi hatua tatu kutoka pale niliposimama, ananisikia, na hana maneno ya kujibu. Basi, nimeshasema. Sasa naweza kueleza habari ya mapeasi.

Mimi ni Tecla. Nimezaliwa Lusahunga, kule Biharamulo, njia panda yanaposimama malori ya mpakani Rusumo. Mama yangu mzazi aliuza mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha, na sisi watoto tuliijua kazi hiyo kabla hatujaijua Baba Yetu. Lori likipunguza mwendo, unakimbia. Likisimama, uwe umeshafika dirishani. Dereva akikanyaga mafuta, uwe umeshauza. Aliyesubiri alirudi nyumbani na mayai yake. Kwa hiyo watu wakinilaumu kwa haraka zangu huwa nawaambia waniache, wengine walilelewa na bibi zao, mimi nililelewa na barabara.

Nikaolewa na Philbert, wa Ntobeye, Ngara. Nilipofika ukweni nikaukuta mpeasi nyuma ya nyumba. Mama yake Philbert, Mama Auleria, alipewa mche na masista alipokuwa msichana anawafulia nguo, akaubeba kichwani siku nzima ndani ya kopo la rangi. Vijiji vyote vya jirani hakuna mpeasi mwingine. Hata mtu akiuliza njia ya kwetu, anaelekezwa "pale kwenye mapeasi", wala hakuna anayetaja jina la baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, ambaye ndiye aliyekuwa na shamba.

Peasi ni tunda lenye kiburi. Ndizi ikiiva inabadilika rangi, embe likiiva linanuka mpaka kwa jirani. Peasi halisemi kitu. Ukiliacha mtini mpaka liive linaanza kuivia katikati, linakuja nje taratibu, na siku unayoliona zuri ndani yake ni tope. Lazima ulichume lingali gumu, ulivundike ndani ya nyumba, mahali pa baridi, nalo lichukue muda wake.

Mama Auleria alikuwa na namna yake. Hakuvuta tunda. Aliliinua kwa kiganja, kikonyo kikiachia chenyewe analichukua, kikigoma analiacha mpaka keshokutwa. Kila moja alilifunga kwenye jani kavu la mgomba, akalilaza ndani ya kikapu chenye nyasi laini, yasigusane, kisha kikapu chini ya kitanda chake, upande ulio mbali na jiko. Kila asubuhi akimaliza kusali anakivuta kikapu na kubonyeza peasi moja moja kwa dole gumba, pale shingoni, karibu na kikonyo. Lililobonyea linakaa kulia, la leo. Mengine yanarudi kulala. Kwa namna hiyo mapeasi ya Februari yalifika mpaka Pasaka. Yaliyozidi aliyakata vipande, akayaanika kwenye ungo, akayatia kwenye kibuyu, na kiangazi tukayala kwenye uji.

Mimi alinisemesha Kiswahili, kwa sababu nilipofika sikujua Kihangaza. Nikinyoosha mkono kwenye kikapu ananiambia, "Bado." Kesho yake, "Bado." Na kesho kutwa, "Wewe wa Lusahunga, hili si yai la kuchemsha." Miaka kumi na tisa alitaka nijifunze. "Leta kidole hapa," ananiita, nami najibu nina sufuria motoni. Hakukuwa na sufuria. Nilikuwa na wivu, na leo nautaja kwa jina lake. Watu walipopita walimsifu yeye kwa mapeasi, na mimi niliyelima, niliyepika, niliyebeba maji, hakuna aliyenisifu kwa kitu.

Oktoba iliyopita Mama Auleria akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote. Kihangaza chake, alichokuwa anakimwaga kama mvua, kikamtoka chote. Daktari alituambia inatokea hivyo. Yalibaki maneno matatu tu: "eee" akikubali, "Yezu" akiumwa, na "bado". Akili ilikuwa nzima. Ukimuuliza kitu alikujibu sawasawa, kwa hayo matatu. Na mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Kwa mkono huo alikula mwenyewe, akashika rozari mwenyewe, akajifunika kitenge mwenyewe.

Jumuiya yetu ya sala ni ya Bikira Maria wa Lurdi, na somo wetu tunamsherehekea tarehe kumi na moja Februari, siku ya wagonjwa. Mwenyekiti, Mzee Methusela, akatangaza kwamba mwaka huu misa itasomwa kwetu, padre ampake Mama mafuta matakatifu papo hapo. Kila mwaka siku hiyo Mama alitoa mapeasi, na kila nyumba ilipata. Secilia, jirani yangu, akauliza kwa upole, "Sasa mapeasi mwaka huu ndiyo basi, au? Mama wa watu hawezi tena."

"Mimi nipo," nikasema. "Miaka kumi na tisa nakaa chini ya ule mti, mnadhani nasinzia? Mtakula mapeasi mpaka mseme basi."

Wakanipigia makofi. Kwa mara ya kwanza Ntobeye walinipigia makofi kwa ajili ya mapeasi, na yale makofi yakanipanda kichwani.

Mwaka huo mvua na baridi vilizidi, matunda yakachelewa. Siku tisa kabla ya sherehe nikayachuma. Hayakutaka kuachia, nikayavuta, mengine yakaja na kijiti chake. Yalikuwa kama arobaini hivi. Nikampelekea Mama kikapu kitandani, akayabonyeza moja moja kwa mkono wa kushoto. "Bado." "Bado." "Bado." Mpaka la mwisho.

Siku nne mfululizo ikawa hivyo. Asubuhi anapiga kitanda kwa kiganja, anataka kikapu, anabonyeza, anayapanga: haya huku, haya kule. Mimi nikaona ni utoto umemrudia. Nikamwambia Secilia kisimani, "Mama siku hizi anacheza na mapeasi kama mtoto na mdoli." Tukacheka, mimi zaidi yake.

Siku ya tano Philbert alikuwa anavundika ndizi za pombe ya kuuza; zile za pombe ya wageni zilikuwa zimeshatoka. Alikuwa ameshachimba shimo, ameshalipasha moto kwa majani makavu, anapanga mikungu. Nikasimama nikalitazama lile shimo likitoa mvuke, nikasema moyoni, Tecla, dawa si hii hapa? Ndizi ngumu kama kuni zinaingia humo, siku nne zinatoka laini. Itakuwa mapeasi?

Nikaenda kuchukua kikapu. Mama alikuwa amekiweka tumboni, anabonyeza. Nilipokishika, naye akakishika, ukingoni, kwa mkono wake mmoja. "Bado," akanitazama machoni. Nikamwambia, "Mama, wageni hawasubiri bado yako." Nikavuta. Akang'ang'ania. "Bado. Yezu. Bado." Nikaviachisha vidole vyake kimoja baada ya kingine, vitano. Hicho ndicho ninachokiona mpaka leo nikifumba macho, si yale yaliyofuata mbele ya watu. Vile vidole vitano.

Philbert akanyanyua uso kutoka shimoni. "Mama hakuwahi kuyaweka humu."

"Mama hakuwahi kubakiwa na siku nne tu," nikamjibu. Yeye si mtu wa maneno. Akayapokea, akayapanga katikati ya mikungu, akafunika kwa majani mabichi na udongo.

Siku ya sherehe tukafukua. Ndizi zilikuwa njano, safi. Mapeasi ngozi ilikuwa kijani chenye umanjano kidogo, yananukia utamu na moshi kwa mbali. Nikalibonyeza moja tumboni, likabonyea. Nikafurahi mpaka nikaimba. Nikayaosha, nikayafuta kwa kanga moja moja yakang'aa. Kama ningelibonyeza shingoni lingenieleza kitu, lakini mimi shingoni sikuwahi kujifunza.

Misa ikasomwa uani. Mama alikaa kwenye kiti chini ya upenu, amevaa gauni la sikukuu, akapakwa mafuta, akasema "eee" padre alipomuuliza kama anamtumaini Mungu. Tukala. Pombe ikatolewa, na Philbert akainywa kwanza yeye, mbele ya wote, kama inavyopasa, maana kwetu mwenye nyumba asiyeonja anachokupa, usikinywe. Na peasi ni hivyo hivyo. Mama alilikata la kwanza mbele ya watu, akala kipande, ndipo akampa padre, ndipo wengine.

Basi nikasimama pale pale alipozoea kusimama Mama, kikapu miguuni pangu, kisu mkononi, nikachagua zuri kuliko yote. Padre alikuwa ameshanyoosha kiganja. Nikakata.

Ndani lilikuwa la kahawia, limeiva mpaka limepita, maji yake yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko yakinuka pombe iliyolala. Nikakata la pili. Kahawia. La tatu, la nne. Kiganja cha padre bado kiko hewani, hajui akirudishe vipi. Upande wa wanawake mmoja akasema, "Yoo!" taratibu. Watu zaidi ya sitini, na kisu changu, na mapeasi yangu yanayong'aa.

Ulimi wangu wa barabarani ukakimbia kabla yangu. "Ni Mama," nikasema. "Ameyabonyezabonyeza. Tangu tuyachume hajatoa mkono kwenye kikapu. Nimemkataza, hasikii. Si mnajua hali yake."

Na niliyasema kwa huruma. Niliweza hata kutikisa kichwa.

Watu wakasema, "Aaa," wote pamoja, kwa kuelewa. Secilia akaongeza kwamba kweli, hata kisimani nilimwambia. Mzee Methusela, mtu mwema, akataka kuiondoa ile aibu, akasema kwa sauti ya utani, "Ugonjwa ni ugonjwa. Mama Auleria, usijali, tunakupenda wewe na mapeasi yako mabovu." Wakacheka vizuri tu, kicheko cha upendo.

Mama hakunitazama mimi. Aliutazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelala pajani. Halafu akauingiza chini ya kitenge. Philbert alikuwa anatazama viatu vyake.

Tangu siku ile mkono ule haukutoka. Uji nilimnywesha mimi, anafungua mdomo tu. Rozari ilibaki kwenye msumari. Inzi akitua usoni pake, anamwacha. Na yale maneno matatu nayo yakaondoka. Nikimwuliza, "Mama, uji umetosha?" ananyamaza. "Mama, nikugeuze?" ananyamaza. Niliwamwagia mbuzi yale mapeasi, nao wakayala wakishangilia, nikawapiga mawe.

Philbert aliacha kula chakula changu. Siku ya nne nikamfuata shambani nikamuuliza kama ananichukia. Akasimamisha jembe. "Shimo nililichimba mimi," akasema, "na mbele ya watu nikanyamaza, kwa hiyo sina la kukuambia. Ila mama yangu alikuwa amebakiwa na mkono mmoja, Tecla." Akaendelea kulima.

Jumamosi nikaenda parokiani kuungama. Nilijipanga njia nzima, nikataka nipewe kitubio kizito, rozari mia, nitembee kwa magoti. Padre, yule yule wa kiganja, alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Ulimsingizia wapi?"

"Mbele ya watu, padre."

"Basi unajua pa kwenda." Akanipa Salamu Maria tatu. Tatu! Nilitoka pale nimekasirika kabisa, kwa sababu nilikuwa nataka kumaliza siku ile ile. Lakini alisema kweli. Mficha uchi hazai, na mimi uchi wangu nilikuwa nimemvika mgonjwa.

Nikamwomba Mzee Methusela sala ya Alhamisi tusalie kwetu. Philbert akamtoa Mama uani, kiti kile kile, chini ya upenu ule ule. Walipomaliza kusali nikasimama. Nikajishika kwenye nguzo. Nikawaambia kwamba Mama hakuharibu peasi hata moja. Alikuwa anayapima, kama alivyoyapima miaka yote, na kila siku aliniambia bado, kwa Kiswahili ninachokijua. Nikawaambia nilimnyang'anya kikapu. Nikawaambia nilivyoviachisha vidole. Nikawaambia niliyaweka kwenye shimo la ndizi, mimi, kwa haraka yangu na kwa kutaka makofi.

Halafu Secilia akasema, "Kwenye shimo la pombe? Mapeasi?" Na hakuweza kujizuia. Kicheko kikamponyoka, kikamshika wa pembeni yake, kikazunguka ua mzima. Mwanamke mmoja alijishika mbavu. Ningependa wangenitukana. Tusi unaweza kulijibu, kicheko unasimama ndani yake tu kama mtu aliyenyeshewa. Nikasimama mpaka kikaisha.

Mzee Methusela hakucheka. Aliinuka, akavua kofia, akaenda mpaka kwenye kiti cha Mama, akainama. "Shikamoo, mama," akasema. "Niliyaita mapeasi yako mabovu. Hayakuwa yako. Unisamehe." Na wengine wakafuata, mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, hata Secilia, bado anafuta machozi ya kicheko. Mama aliwatazama wote. Kitenge hakikutikisika. Wakaaga wakaondoka.

Siku mbili kabla, Philbert alikuwa amepanda juu kabisa ya mpeasi, kwenye matawi nisiyoyafikia mimi. Yalikuwako kumi na moja. Safari hii nilimwambia asivute, ainue tu, na linalogoma aliache. Nikayafunga kwenye majani makavu, kila moja jani lake, nikatandika nyasi kikapuni, nikayalaza yasigusane. Mikono ilikuwa inajua, kumbe. Miaka kumi na tisa nilikuwa naona bila kutaka.

Watu walipokwisha ondoka nikakileta kile kikapu, nikapiga magoti mbele ya kiti. "Mama," nikamwambia, "nimekuletea kazi yako. Mimi siijui."

Akatazama kikapu. Kuku wakapita, wakarudi. Nikawa nahesabu pumzi zangu, na magoti yakaanza kuuma, na barabara iliyomo ndani yangu ikawa inasema, inuka, hataki, kafanye mengine. Sikuinuka.

Kitenge kikatikisika. Mkono ukatoka. Ulikuwa umekonda, na kucha zimekua ndefu. Nikafungua jani la kwanza nikamwekea peasi kiganjani. Akaligeuza, dole gumba likaipata shingo, likabonyeza.

"Bado," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu sherehe, na nililia kama mtoto, makamasi na yote. Nikampa la pili. "Bado." La tatu, akalishika muda mrefu kidogo. "Bado." Alipofika la nne nikashindwa kuvumilia, hata hapo nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza, "Na mimi, mama? Umenisamehe?"

Akaliweka peasi chini. Akanyoosha mkono mpaka kwangu, akanishika shingoni, chini ya sikio, na kwa dole gumba akabonyeza, polepole, akinitazama machoni kama siku ile ya kikapu.

"Bado," akasema.

Kisha akanielekeza kikapu kwa kidevu. Nikafungua jani la tano, nikampa.